Sare Yenye Mikono Miwili ya Kushoto

Asubuhi hiyo fundi alifungua chumba chake cha kushonea, akaketi mbele ya cherehani. Hakushona. Alikodolea macho ukuta. Zamani mdomo wake ulikwenda mbio kuliko cherehani, hata wateja wakambandika jina la Redio. Sasa Redio ilikuwa imezimika. Chakula hakishuki, usingizi hauji, na mumewe akimsemesha, anajibu "sawa" hata pale asipoulizwa kitu.

Nesi wa zahanati alikuja kuchukua sare yake. Akaijaribu.

"Fundi, mbona mkono huu unavutana nami?"

Fundi alitazama. Alikuwa ameshona mikono miwili ya kushoto! Hata anayejifunza kazi hafanyi hivyo. Nesi alicheka, lakini fundi aliangua kilio.

"Sifai kitu mimi. Nimechoka kuishi."

Nesi aliacha kucheka. Akavuta kiti, akaketi karibu naye. "Unafikiria kujidhuru?"

"Hapana. Natamani tu nilale nisiamke."

"Umefanya vizuri kuniambia. Huo ni ugonjwa, unaitwa sonona. Si uvivu, wala si kukosa shukrani. Na unatibika. Wazo la kujidhuru likikujia, usikae peke yako, njoo kwetu mara moja. Ulianza lini?"

"Baada ya msiba wa mama. Mdogo wangu alichukua gauni la mama, akalikata vipande bila kuniuliza. Gauni nililolishona mimi! Tangu hapo hata salamu sijampa."

"Alikwambia kwa nini alilikata?"

"Sikumpa nafasi."

"Daktari ataamua kama unahitaji dawa," nesi alisema. "Lakini ugomvi na mtu wa karibu huizidisha sonona, na upweke pia. Ukiwa tayari, zungumza naye. Usianze na 'wewe ulifanya'. Anza na 'mimi niliumia'. Kisha msikilize. Sasa funga mlango, twende zahanati."

Kila wiki fundi alikwenda zahanati kuzungumza na mshauri aliyepangiwa na daktari. Mwanzoni hakuona nafuu yoyote. Alifika mpaka mlangoni kwa mdogo wake, akageuka na kurudi nyumbani, akalala na viatu miguuni. Aliona giza tupu mbele yake.

Siku nyingine alijikaza, akabisha hodi.

"Niliumia sana ulipokata gauni la mama," alisema.

Mdogo wake aliingia ndani, akatoka na mito miwili iliyoshonwa kwa kitambaa cha gauni lile. "Nilitaka kila mmoja wetu abaki na mama. Huu ni wako, umekungoja muda wote. Nilipaswa kukuuliza kwanza, dada. Nisamehe."

Fundi aliugeuza mto. Mshono ulikwenda upande kama mlevi. "Nani alikufundisha kushona hivi?"

"Mwalimu wangu alininunia. Ningemwuliza nani?"

Fundi alicheka. Kicheko kikageuka kilio, wakakumbatiana.

Nesi aliporudi, sare ilikuwa tayari, na mikono ilikaa sawasawa.

"Umepona, fundi?"

"Bado. Ila siko peke yangu."

Asubuhi nyingine bado zilikuwa nzito, na kutoka kitandani kulimshinda. Siku hizo mdogo wake alimpitia nyumbani, akamngoja avae, wakaenda kufungua chumba cha kushonea pamoja.