Ukucha wa Dole Gumba

Jua lilikuwa linazama, na Pilipili hakuwa na hamu ya kutumwa na mtu. Lakini mkewe alishamaliza kushona kishikizo cha mwisho. Akalikunja koti, akalifunga kwenye gazeti, akamwekea mapajani.

"Mpelekee Watatu," alisema. "Analitaka leo hii."

Pilipili alilitazama furushi kama mtu aliyeambiwa ashike nyoka kidogo. Mkewe ni fundi cherehani, na koti ni kazi kama kazi nyingine. Hilo alilijua. Lakini koti halishonwi bila kupima. Unapima mabega, unapima kifua, unapima mkono kuanzia begani mpaka kwenye kifundo. Na tangu siku ile ya kupima, mkewe alikuwa akikanyaga cherehani huku akiimba puani wimbo mmoja, ule ule, ambao Pilipili hakuwahi kuupiga.

Pilipili ni jina alilopewa kwa sababu ya hasira zake, na yeye hakulikataa. Alikuwa mpiga gitaa. Gitaa moja, mtu mmoja, bila bendi. Alijifundisha mwenyewe, kwa redio na ubishi, na kwa miaka mingi ndiye aliyepiga jazi kwenye mgahawa wa hoteli, watu wakila na kunong'onezana.

Halafu akaja mpiga gitaa mwingine, waliyemwita Watatu.

Ukifumba macho ulisikia watu watatu kweli. Mmoja anatembea na besi kwenye nyuzi nene, taratibu, kama mlinzi anayezunguka nyumba. Wa pili anajaza katikati. Wa tatu anaimba juu. Ukifumbua macho, mtu ni mmoja, mpole, anatabasamu kwa aibu, na mkono wake wa kulia umetulia kana kwamba umelala.

Pilipili alielewa kila kilichofanyika pale, na ndicho kilichomuuma. Kujaza aliweza. Kuimba kwa nyuzi aliweza sana. Tatizo lilikuwa dole gumba. Katika upigaji huu, dole gumba linatakiwa liwe na akili yake. Vidole vingine vikicheka, vikichelewa, vikilia, lenyewe liendelee kutembea kama mambo hayo hayalihusu. La Pilipili lilikuwa mtumwa tu. Wimbo ukipanda, nalo linapanda. Wimbo ukisita, nalo linasita.

Meneja alikuwa amekwishasema: leo jioni wapige wote wawili, mmoja abaki. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo, ukucha wa dole gumba la Pilipili ukanasa kwenye mpini wa ndoo, ukavunjika.

Wapiga gitaa wa vidole wanafuga kucha kama wenzao wanavyofuga kuku. Ukucha ndio unaotoa sauti. Ukivunjika hutupi: unaokota kipande, unakirudishia kwa gundi, unakisugua kwa msasa, kazi inaendelea. Cha Pilipili kilikwenda na maji ya kufulia.

Basi akalibeba koti, akatoka, amekunja uso.

Watatu alipanga chumba mwisho wa korido ndefu, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mafundi walishaondoka. Palikuwa na harufu... si ya chuma. Ilikuwa kama nywele zilizoungua.

Na gitaa lilikuwa linapigwa.

Besi peke yake. Inatembea. Pilipili alisimama mlangoni akaisikiliza, na kijicho kikampanda kooni kama kiungulia. Kisha akagonga.

Gitaa likanyamaza.

"Karibu, ndugu."

Sauti ilitoka nyuma yake. Watatu alikuwa anakuja kutoka bafuni, upande wa pili wa korido, taulo kiunoni, mikono yote miwili imejaa povu mpaka kwenye viwiko.

"Si ulikuwa unapiga?" Pilipili aliuliza.

"Nilikuwa naoga."

Ndani hapakuwa na redio. Palikuwa na kitanda, meza na gitaa lililotundikwa ukutani. Pilipili alilitazama vizuri. Uzi ule mnene wa juu ulikuwa bado unatetemeka.

Watatu alipokea koti kwa ncha za vidole, asililoweshe. Akasema amwambie shemeji ahsante, mikono itakaa vizuri tu. Lile neno shemeji Pilipili alilimeza bila maji. Kisha Watatu akaona dole gumba la Pilipili.

"Ukucha umevunjika."

"Ndoo."

"Piga kwa nyama ya kidole," Watatu alisema, kwa sauti ya chini. "Sauti itakuwa ndogo. Lakini itakuwa yako."

Pilipili akaona anatukanwa. Watatu alitupa jicho mezani mara moja, kama mtu aliyetaka kufunika kitu akaghairi, akarudi bafuni kujimwagia maji.

Mezani palikuwa na msasa, chupa ndogo ya gundi, na kopo la peremende. Kopo lilikuwa wazi.

Mlikuwa na kucha ndani.

Hilo peke yake halikumshtua, yeye mwenyewe alikuwa anaweka zake. Lakini hizi hazikuwa za mtu mmoja. Mwingine ulikuwa mwembamba, wa mkono wa kike. Mwingine umepinda. Na mmoja, wa dole gumba, mnene, wa manjano kama jino la mzee, umesuguliwa ukang'aa. Harufu ile ya kuungua ilitoka humo.

Pilipili hakuwahi kuiba hata msumari wa mtu. Alikuwa akijisifu kwa hilo mbele za watu.

Bafuni maji yakaacha kumwagika.

Akauchukua.

Aliubandika chooni, kule hotelini, akausugua. Ulimkaa kama uliotoka kwenye nyama yake. Baridi yake tu ndiyo haikuisha.

Watatu alianza. Mkewe Pilipili alikuja kusikiliza, akakaa nyuma karibu na nguzo. Na watu wakatazamana, kwa sababu leo hawakuwasikia watatu. Besi haikuwepo. Dole gumba la Watatu lilikuwa linagusagusa nyuzi kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Cha ajabu, mwenyewe hakuhangaika. Alitabasamu mpaka mwisho, kama mtu aliyeshushwa gunia mgongoni.

Pilipili akakaa. Akashika gitaa. Kabla hajaamua aanze na nini...

Dole gumba likaanza.

Likatembea. Liliteremka kwenye nyuzi nene, likapanda, likageuka kona asizozijua. Vidole vingine vikalifuata mbio, vikajaza, vikaimba. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliwasikia watu watatu mikononi mwake. Mhudumu alisimama na sahani. Hakuna aliyetafuna.

Kisha wimbo ukageuka, akautambua. Ulikuwa ule wa kwenye cherehani.

Akainua macho, amtazame mkewe, amwone anavyomtazama. Mkewe alikuwa analia kimya kimya. Lakini hakumtazama yeye. Alitazama dole gumba.

Meneja hakuhitaji kufikiri. Pilipili ndiye aliyebaki. Watatu alimfuata jikoni kumpa mkono, akatoa wa kushoto.

"Kopo ulikuta wazi," alinong'ona.

Pilipili akalificha dole gumba ndani ya ngumi.

"Nililiacha wazi. Ukucha huu hautolewi zawadi, ndugu. Lazima mtu autamani mwenyewe, auchukue mwenyewe."

"Ni wa nani?"

"Mimi niliuchukua kwa mtu. Huyo naye sijui aliuchukua kwa nani." Alitazama mlangoni, kuelekea kule alikokaa mkewe Pilipili. "Usipige mbele ya unayempenda. Mwenye ukucha ana wivu."

Akavaa koti lake jipya, akaondoka akipiga mluzi, mluzi mbovu kabisa, wa mtu asiyedaiwa kitu na dunia. Hakuonekana tena mtaani.

Pilipili alijaribu kuubandua. Alitumia maji ya moto, akatumia tupa, akatumia kisu. Uliobanduka aliuweka kwenye kopo lake mwenyewe la peremende. Jioni mwingine ulikuwa umeota, mnene, wa manjano. Na kila jua likizama, dole lilianza kugonga. Kwenye meza. Kwenye ubao wa kitanda. Mkewe alikanyaga cherehani kwa mwendo huo huo, na wakati mwingine aliufikia mkono wa mumewe, akalishika dole gumba peke yake, akaviacha vidole vingine vimelegea kama nguo kwenye kamba.

Jioni moja Pilipili alikuwa anaoga, mikono yote imejaa povu, akasikia besi chumbani. Inatembea. Halafu akasikia kicheko cha mkewe, kile kidogo cha kooni. Mara ya mwisho kukisikia walikuwa hawajaoana.

Alitoka mbio na povu lake. Mke alikuwa kwenye cherehani, peke yake. Gitaa lilikuwa ukutani. Uzi mnene ulikuwa unatetemeka.

"Nani alikuwa anapiga?"

"Si wewe?" alijibu, bila kuinua kichwa.

Siku hiyo akaamua. Mgahawani alishaanza kuja mpiga gitaa mgeni, kijana wa watu, anayekaa meza ya mbele na kulikodolea macho lile dole. Pilipili aliyajua macho hayo. Akamwambia aje nyumbani, mkewe amshonee koti.

Akaja jua likizama. Pilipili aliliweka kopo mezani, akalifungua, akasema anakwenda kuoga. Akasimama koridoni, akachungulia mlangoni.

Mgeni aliliona kopo. Mkono wake wa kushoto ukaanza kusogea, polepole... Pilipili akashusha pumzi. Uende. Ukucha uende na mwenye nao.

Mkewe alikuwa anaupima mkono wa kulia wa mgeni. Akaanza kuimba puani. Utepe uliteremka kutoka begani, ukafika kwenye kifundo. Pale ndipo koti linapoishia. Utepe haukusimama. Ukapita kiganjani, ukalizunguka dole gumba la mgeni, ukalikaza, na mke akalitazama dole lile kama anayemtazama mtu aliyemsubiri kituoni.

Pilipili aliingia, akapiga kopo kifuniko.

"Koti halishonwi," alisema. "Nenda."

Mgeni akaenda. Mke alikunja utepe wake, akarudi kwenye cherehani, na miguu ikaanza kukanyaga taratibu. Pilipili alilikumbatia kopo kifuani kama mtoto. Nje kulikuwa kunaingia giza. Dole gumba likaanza kugonga kifuniko, kwa mwendo ule ule.

Ndani ya kopo, kitu kikajibu.