Kengele ya Joleen

Mambo yote yaliharibika Jumamosi, tarehe ishirini na nne Mei. Asubuhi ilianza kama asubuhi nyingine. Lettie Hruska, msichana wa miaka kumi na miwili, alikaanga mayai. Baba yake, Delbert, alikunywa kahawa amesimama, akibishana na redio. Kisha Lettie akakata maua mekundu aliyoyapanda mama yake uani, akayatia kwenye kopo la kahawa lenye maji. Wikiendi hiyo, kabla ya sikukuu ya Jumatatu ya kuwakumbuka marehemu, watu wa jimbo la Nebraska hupamba makaburi, na kaburi la mama lilikuwa mbali kaskazini, kwenye vilima vya mchanga.

Walikwenda kwa pikipiki kubwa ya safari, yenye kiti cha nyuma kipana kama kochi. Joleen, mama yake Lettie, ndiye aliyekuwa akikaa hapo.

Mkono wa kulia wa Delbert uliharibikia machinjioni alikofanya kazi. Wakubwa waliongeza kasi ya mashine, nyama zikawa zinapita mbele ya visu kama mto uliofurika, hadi vidole vyake vikakakamaa. Wakampa bandeji, wakampigapiga begani, basi. Tangu hapo hakuweza kushikilia kwa muda mrefu mshiko wa mafuta unaoongeza mwendo wa pikipiki. Kilichomwezesha kusafiri ni kishika mwendo: unabonyeza kitufe, pikipiki inakwenda kwa kasi ileile, na mkono unapumzika.

Lakini siku hizo kishika mwendo kilikuwa kinajizima ovyo. Leo kinashika, kesho kinaachia. Delbert alikuwa ameipeleka pikipiki gereji, na fundi kijana, Emmett Sorley, akauliza, "Kuna mtu ameigusa karibuni?"

Delbert alimtazama binti yake. Lettie akatikisa kichwa.

Emmett aliinama chini ya pikipiki, akaona kengele ndogo ikining'inia, akaondoa mkono upesi. Kengele ya mtu haiguswi. Waendesha pikipiki wa huko huifunga chini ili iwanase mashetani wa barabarani, wale wanaoharibu nyaya na kuzima taa. Huinunui mwenyewe, sharti upewe na anayekupenda. Ile ya Delbert aliifunga Joleen kwa mkono wake.

Emmett akaizungusha pikipiki mjini, kwenye lami laini, akarudi. "Inashika vizuri tu, mzee. Sijaona kosa."

"Hujaona, au hujatafuta?" Delbert alifoka. "Nyie mnatumwa na wakubwa wenu mtufanye wajinga!"

Akaenda moja kwa moja kwa mwenye gereji, Bwana Stroud, akasema kijana yule ni mwongo. Stroud hakuuliza mara mbili. Emmett akafukuzwa palepale. Lettie alimwona akikusanya spana zake moja moja. Alitaka kusema neno, akageuka kumfuata baba yake.

Sasa, Jumamosi hiyo, walikuwa kwenye barabara kuu. Wakubwa wa barabara walikuwa wameziba mashimo kwa ahadi, na pikipiki ilirukaruka. Nyuma yao lilikuja lori la ng'ombe. Gurudumu likagonga shimo; kishika mwendo kikaachia. Pikipiki ikapunguza mwendo ghafla. Lori likapiga honi ndefu.

"Baba!"

Delbert alivuta mafuta, mkono ukakataa. Akaipeleka pikipiki pembeni, kwenye nyasi, ikayumba, ikasimama. Lori lilipita karibu kiasi kwamba upepo wake ulilipokonya lile kopo mapajani mwa Lettie. Maua yakasagwa chini ya magurudumu.

Delbert alikaa kwenye nyasi. "Ningekuzika karibu na mama yako," alisema taratibu. "Hata kengele yake imeshindwa."

Lettie aligeuza macho, asiitazame kengele.

Walirudi nyumbani polepole. Delbert akaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati. "Kishika mwendo huachia kikidhani umeshika breki," alisema. "Kaa nyuma, tazama taa ya breki. Ikiwaka bila mimi kugusa breki, sema."

Akatikisa nyaya za usukani.

"Haijawaka."

Akagongagonga breki ya mkono.

"Haijawaka, Baba."

Akapiga fremu kwa nyundo ya mpira, karibu na pedeli ya breki ya mguu. *Ting*, kengele ikalia.

"Imewaka!"

Akapiga tena. *Ting*. Taa ikawaka, ikazima. Delbert akalala chini, akatazama. Kengele haikuwa mahali pake. Ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye springi nyembamba inayovuta swichi ya breki ya mguu. Kila ilipobembea, iliivuta swichi.

"Nani ameigusa hii?"

Lettie angeweza kunyamaza tena. Aliwaza spana za Emmett.

"Mimi, Baba. Kuna msichana shuleni alisema mama hakuniachia kitu. Nikaichukua nimwonyeshe. Kamba ikakatika, nikaifunga kwa kipande cha waya, pale kilipofika."

"Na Emmett alipouliza?"

"Nilisema hapana. Niliogopa."

Delbert hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomliza Lettie. Aliukata waya, akaifunga kengele kwa kamba mpya mahali pake pa zamani, kisha akapiga fremu. Kengele ikalia. Taa haikuwaka.

"Imepona," alisema. "Panda. Gereji haijafungwa."

Bwana Stroud alikuwa anafunga mlango. Lettie alimweleza yote, machozi yakimtoka. Stroud akakuna shingo.

"Mmechelewa, binti. Emmett amejiandikisha machinjioni. Anaanza Jumanne, kwenye visu."

"Mwite arudi," Delbert alisema.

"Nitafikiria baada ya sikukuu."

"Ulipomfukuza mbona hukufikiria?"

"Wewe ndiye uliyekuja hapa unabweka, Delbert! Mimi nilimsikiliza mteja wangu."

Mlango wa gereji ukashuka.

Walisimama nje karibu na pikipiki. Delbert alimshika binti yake bega kwa ule mkono mbovu.

"Sikiliza, mwanangu. Kosa ukilificha halifi. Linatafuta mtu wa kulibeba, na kila mara linamwangukia asiye na mtetezi. Kusema ukweli mapema kungekugharimu aibu ya dakika moja. Na mimi nimezoea kulaumu kabla ya kupima. Nilipiga kelele, nikajiona nimeshajua ukweli. Kesho tutapita kwa Emmett kwanza, tumwombe radhi ana kwa ana, ndipo twende kwa mama yako."

"Na asipotaka kutusamehe?"

"Ni haki yake. Tutakuwa tumesema ukweli hata hivyo."

Lettie alivitazama vidole vya baba yake vilivyokakamaa kama makucha ya ndege mfu. Miaka yote Delbert alikuwa na jina la mkubwa fulani wa kulaumu tayari mdomoni, wa kiwanda, wa barabara, wa hospitali. Sasa alivaa kofia yake bila kutaja jina la mtu.

"Baba," Lettie aliuliza, "mkono wa Emmett ukiharibika kama wako, litakuwa kosa la nani?"