Taa ya Kitanda cha Juu

Jumamosi ile nilifua, nikaanika, nikawapeleka wanangu kwa bibi yao, kisha nikaenda kuliamsha gari. Masika yalikuwa yamekwisha. Kila mwaka mvua zikianza naliegesha nyuma ya nyumba yetu kule Bigwa: namwaga maji ya tangi, natoa betri, napandisha ekseli juu ya matofali. Ni gari kuukuu lenye vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, jiko na sinki. Mume wangu alilinunua kwa Ketan wa duka la vipuri, akaniachia mimi, akaenda zake Dar. Kiangazi nawapikia wasafiri na kulala humo, Dumila, kando ya barabara. Mwenye kiwanja alikuwa amenipa hadi saa kumi jioni. Nisipotokea, anampa mwingine, na mimi sina kazi nyingine.

Ndani palinuka uvundo. Panya walikuwa wametafuna godoro langu. Nikafunga betri, nikapiga selfu. Kimya.

Fundi Stephano akaja na betri yake mpya. Nayo ikafa ndani ya dakika tano.

"Mama Pili, gari lako lina njaa," akacheka. "Kuna kitu kinakula umeme humu."

"Basi kitafute. Sikukuita unichekeshe."

Tukachomoa fyuzi moja moja. Ya redio, bado. Ya pampu ya maji, bado. Mshale wa kipimo cha umeme alichokuja nacho haukushuka. Ikabaki ya taa ya kitanda cha juu, kitanda ambacho hakijalaliwa na mtu tangu gari linunuliwe. Swichi ilikuwa imezimwa. Pazia limefungwa.

Stephano akaichomoa. Mshale ukaanguka.

Nyuma ya pazia sauti ya kike ikanong'ona, "Mbona mmezima?"

Ilikuwa saa tano asubuhi. Jua kali.

"Umeacha mtu humo?" Stephano aliuliza, bila kuchezesha midomo.

"Sijaacha."

Akatoka kinyumenyume. Betri yake hakuichukua.

Nikavuta pazia. Hakuna mtu. Godoro lilikuwa na bonde la mwili. Nikaligusa. Lilikuwa na joto.

"Sikia, dada," nikasema. Nilikuwa nimechoka. "Mimi nina watoto. Gari hili lazima liondoke leo."

Sauti ile ikanong'ona, "Giza."

Nikakimbilia ndani ya nyumba. Nikaleta taa ya sola wanayosomea wanangu, nikaiwasha, nikailaza kwenye lile bonde. Nikapiga selfu.

Gari likawaka mara moja.

Saa tisa na nusu nilikuwa Dumila. Kiwanja nimekipata, wateja wapo. Mchana naiweka taa juani, jioni nairudisha juu. Wiki nzima sikusikia neno.

Juzi, nikitandika, nikaona alama tano nyeusi ukutani, chini kidogo ya ukingo wa kitanda cha juu. Alama za vidole. Zinaelekea chini, kwenye kitanda ninacholala mimi. Nikazisugua kwa sabuni hadi rangi ikabanduka.

Jana zilikuwepo tena. Chini zaidi.

Nikiondoka hapa, kiwanja kimekwenda. Leo asubuhi nimepima kwa mkono. Imebaki shubiri moja kufika kwenye mto wangu.