Rimu Zilizoingia Bila Kukaa

Malori yaliyongoja kuvuka kwenda Uganda yalikuwa yameziba Malaba nzima. Protus aliegesha Vitz yake ya buluu kando ya malori hayo, akashuka kutafuta rimu. Alikuwa fundi wa simu mjini Busia, mwana wa Bukhayo, na magurudumu ya gari lake yenye kutu yalikuwa yanamuaibisha. Kwenye kibanda cha kwanza alishika rimu iliyong'aa kuliko zote.

"Boss, hiyo ina mashimo matano," sauti ilisema nyuma yake. "Gari yako ina manne. Hilo la tano utalifunga na kamba?"

Aligeuka. Msichana alikuwa amevaa dera la manjano alilolikunja na kulifunga kiunoni, hereni kubwa masikioni, vumbi jeusi la breki mikononi. Jina lake Ajiko, na kibanda kilikuwa chake.

"Basi nipe inayofaa, mrembo."

"Gari kwanza. Rimu baadaye."

Aliliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu, akajaribisha rimu nyingine. Akamwambia Protus azungushe usukani hadi mwisho, kushoto, kisha kulia. Rimu ikakwaruza. Akaitoa.

"Unaangalia nini?" akamuuliza, maana Protus hakuwa akiangalia chini.

"Naangalia kama inatoshea."

"Iko huku chini, boss."

Wote wawili walicheka. Siku hiyo hakupata rimu, ila alipata nambari ya simu.

Simu zikaanza. "Rimu zangu zimefika?" "Bado." "Na wewe je, umefika?" "Wapi?" "Kwa roho yangu." Ajiko alikuwa akimwambia ana maneno matamu ya kudanganya wateja, lakini hakuwa akikata. Mvua zilipokwisha, kila mtu Malaba alijua Vitz ya buluu ikija Jumapili haiji kununua kitu.

Kisha zikaja rimu za kijivu zenye miale myembamba kama za magari ya mashindano. Protus alizipenda papo hapo. Alitaka kumpeleka mamake Sio Port nazo, kwenye posa ya kaka yake Protus. Ajiko akazipima, akatikisa kichwa.

"Zinaingia, lakini hazikai. Mashimo ni manne sawa, lakini tundu la katikati ni kubwa kuliko kitovu cha gari yako. Na kikalio cha nati ni cha duara. Nati zako zimechongoka. Zitashika ukingo tu, halafu zilegee. Subiri nikutafutie zingine."

Protus angesubiri. Lakini simu ya Ajiko iliita, akapokea akitabasamu: "Opolot wangu! Zimekuja zile za kijivu. Nimekuwekea."

"Opolot ni nani?" Protus aliuliza alipomaliza.

"Mtu wa Tororo. Zinafaa gari yake."

"Gari yake, ama ni yeye anayekufaa?"

"Protus, usinitukane mbele ya watu."

Aliondoka bila kuaga. Ijumaa alirudi akijua Ajiko ameenda Chakol kwa dadake. Ejoku, jirani aliyemwangalizia kibanda, hakujua lolote. Akamfungia zile rimu kwa nati zilezile za zamani, akabaki na magurudumu yenye kutu.

Jumamosi asubuhi Ajiko alipata pengo mahali pa rimu za kijivu.

"Si bwana yako alichukua?" Ejoku alisema. "Leo anapeleka mamake Sio Port."

Ajiko alimpigia Protus simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatwa. Akatuma ujumbe, haukusomwa.

Huko barabarani, Protus alitazama jina la Ajiko kwenye kioo cha simu akaigeuza kifudifudi. Aje kuniomba msamaha, aliwaza. Usukani ulikuwa ukitetemeka kidogo. Aliilaumu barabara.

"Pakia magurudumu yake!" Ajiko alimwamuru Ejoku, naye tayari amepanda pikapu yake ya kubebea mizigo. Ndipo akakumbuka: wakati mmoja simu ya Protus ilipoisha chaji, alimpigia kwa ya mamake. Akaitafuta nambari.

"Mulembe. Nani?" Sauti ya mama mtu mzima ilisalimia kwa lugha ya kwao, na nyuma yake sauti nyingine, tko, tko, tko.

"Mama, tafadhali mwambie Protus asimame. Gurudumu linataka kutoka."

"Wewe ni nani unaniambia hivyo?"

Ajiko alifumba macho. Mwanamke huyo hakuwahi kusikia jina lake.

"Mimi ni Ajiko, msichana wa Kiteso kutoka Malaba. Nampenda mtoto wako, mama. Amenikasirikia na hashiki simu yangu. Akitaka aniache, aniache, lakini asimame!"

Kisha akasikia: "Protus, simamisha gari."

"Mama, tumechelewa."

"Simamisha!"

Pikapu ilipowafikia kwenye barabara ya Sio Port, Vitz ilikuwa pembeni, kabla tu ya mteremko wa kushukia darajani. Mama Protus alikuwa ameketi kwenye nyasi na gauni lake la sherehe, mkoba mapajani. Protus alichuchumaa karibu na gurudumu la mbele. Nati moja haikuwepo. Nyingine mbili alizizungusha kwa vidole.

Ajiko hakumsemesha. Alipiga magoti na spana, akarudisha magurudumu ya zamani moja baada ya lingine, machozi yakimdondoka.

"Opolot..." Protus alianza.

"Ana mke na watoto Tororo. Amekuwa akinunua kwetu tangu baba akiwa hai. Ungeniuliza vizuri, ningekwambia. Umebeba mamako juu ya wivu, Protus."

Protus alivua koti lake la suti, akalitandika chini ya magoti ya Ajiko, akachuchumaa kando yake na kumpa nati.

"Nisamehe, mpenzi wangu. Niliogopa kukupoteza."

"Nami niliogopa kukuzika."

Mama alisimama, akajipangusa nyasi.

"Mimi naenda kumwombea mtoto wangu mmoja mchumba," alisema. "Na huyu mwingine? Kwa kina Ajiko tunaenda lini?"

Protus alimtazama Ajiko. "Nikubalie."

Ajiko alikaza nati ya mwisho kwa uzito wake wote, akaijaribu tena, kisha akajifuta uso kwa kiwiko.

"Njooni baada ya mavuno," alisema. "Babangu mdogo hupenda wageni wakati ghala limejaa. Na wewe, nipe funguo. Mpaka Sio Port naendesha mimi."