Mshirika wa Tatu wa Malakpet

Ua la kwanza lilipatikana ndani ya kompyuta iliyokwisha kufungwa. Ilikuwa mashine mpya, imeunganishwa asubuhi ile katika chumba cha vioo ambamo mtu haingii na viatu vyake, na mkaguzi alipolegeza skurubu za nyuma ili atazame waya mmoja, aliona ua la asumini limelala juu ya saketi, jeupe, bichi, lina umande. Msichana aliyeifunga mashine ile, Sulochana, aliapa kwamba hakuvaa maua siku hiyo. Wenzake wakamnusa nywele. Zilinuka mafuta ya nazi tu.

"Labda limeota humo humo," alisema fundi mmoja. "Haya, tuimwagilie maji." Watu wakacheka.

Ghouse Mohiuddin hakucheka. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa kioo, maana yeye naye hakuruhusiwa tena kuingia. Alipoliona ua lile katika kiganja cha mkaguzi alipata furaha ya siri, furaha ya mtu aliyesikia kwamba hasimu wake amejikwaa; na nyuma ya furaha hiyo, mbali kidogo, alihisi baridi.

Waandikao habari za Asman-Lindegaard husema kwamba kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 1984, pale Asman ya Hyderabad na Lindegaard ya Aarhus, Denmark, zilipotia saini mkataba wa kuunda kompyuta kwa ubia. Kwa upande wa karatasi hilo ni sawa. Lakini Asman yenyewe ilianza miaka mitano kabla ya hapo, mtaa wa Malakpet, katika banda la farasi la nyumba ya Sarwar Yar Khan, nyumba ya kinawabu, ya mabwana wa zamani, iliyokuwa imebakiwa na jina lake na bustani tu. Sarwar alikuwa na elimu na ulimi mtamu. Ghouse alikuwa na mikono. Banda lilikuwa na meza moja chini ya dirisha, na juu ya meza hiyo Ghouse alilehemu kila kiungo cha kompyuta yao ya kwanza.

Shangazi yake Sarwar, Bibi Shehzadi, aliwaonya siku walipoingiza vyombo vyao. "Bandani hamko peke yenu," alisema. "Yuko mwenyewe, anakaa pale kisimani chini ya mwasumini tangu enzi za babu yenu. Hana ubaya. Ila msimfanye mgeni kwake."

Kwa hiyo kila Alhamisi baada ya Alasiri walifukiza ubani katika pembe ya banda, wakaweka maua machache na kisahani cha mkate uliopondwa kwa samli na sukari. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, na lingeishia hapo. Lakini siku kompyuta ilipowaka na herufi za kijani zikatokea kiooni, Sarwar alipagawa na furaha. Aliagiza sinia la biriani, akaligawa kwa mkono mafungu matatu, akasukuma fungu moja upande wa pembeni kusikokuwa na mtu. "Sisi ni washirika watatu," alisema. "Kitakachopatikana hapa ni chetu sote."

Ghouse akaitikia amina. Watu wa Malakpet huwapa majini sadaka, huwapa salamu, huwapisha njia. Ushirika hawawapi. Wawili wale waliutoa kwa sababu walikuwa vijana na wameshiba.

Kisha wakaja Wadenmark. Aliyeletwa kusimamia kiwanda aliitwa Preben Aagaard, mtu mrefu, mpole, mwenye nyusi nyeupe, ambaye adui yake alikuwa mmoja tu, naye ni vumbi. Moshi ni vumbi, alisema, chetezo kikaondolewa. Chavua ni vumbi. Mwasumini wa kisimani ukakatwa hadi shina. Banda likatiwa vioo. Meza ya dirishani akapewa Preben, na Ghouse akapewa funguo za ghala.

"Ni cheo, ndugu yangu," Sarwar alimwambia. "Ghala ndilo tumbo la kiwanda."

"Na mimi ni nini, minyoo?"

Sarwar alicheka, akampiga bega, akaenda zake kula. Hapo ndipo palipomuuma Ghouse. Zamani hawakula ila pamoja. Sasa kila adhuhuri, kutoka mlango wa ghala, alimwona Sarwar nyuma ya kioo akimnyofolea yule Mdenmark nyama kutoka mfupani, akimfundisha kubana wali kwa vidole, wali ukimmwagikia kifuani, wote wawili wakicheka mpaka machozi. Ghouse alikula amesimama, kati ya maboksi.

Alhamisi moja alishindwa kujizuia. Alipita nyuma ya banda, mahali pembe ile ilipokuwa, akaegemeza paji la uso ukutani. "Wametutoa sote wawili," alinong'ona. "Mimi ni mnyonge. Wewe siye. Kama kweli u mshirika, dai haki yako."

Ua la kwanza lilipatikana siku ya pili yake.

Yalifuata mengine. Sulochana alikataa kufungua mashine mpaka mwenzake amtangulie. Preben aliagiza vichungi vya hewa vibadilishwe, kisha akaja ghalani mwenyewe. "Kaka Ghouse," alisema kwa lugha yake ya kukwangua, "kama ni wewe unayeweka, niambie tu. Ningekuwa mahali pako ningenuna pia." Na hasira ya Ghouse ikazidi, maana ni vigumu kumchukia mtu anayekuelewa.

Kisha umeme ukakatika mchana, kama ulivyokatika karibu kila mchana Hyderabad wakati wa joto. Feni zikasimama, taa zikazima, lakini katika chumba cha majaribio, ambamo kompyuta mpya huachwa zikiwaka kwenye rafu ili zile mbovu zijidhihirishe, vioo vyote viliendelea kung'aa kijani bila herufi hata moja. Preben alikuwa mwisho wa chumba. Ghouse, aliyekuwa ameleta nyaya mlangoni, aliona kioo cha karibu naye kikifunikwa na kiza halafu kikang'aa tena, kisha cha pili, kisha cha tatu, kama vile mtu mpana anapita taratibu mbele ya vioo hivyo akimwendea yule Mdenmark, na hakuna mtu, ila harufu ya asumini na ya risasi ya kulehemu iliyochomwa kupita kiasi. Na Ghouse angeweza kupiga kelele, mdomo wake ulikuwa wazi, pumzi anayo, lakini alitazama tu, kiza kikasogea mpaka kioo cha mwisho, na Preben akaushika mkono wake wa kulia akakaa chini sakafuni.

Vidole vyake havikufumba tena. Madaktari walisema ni mshipa. Kila tonge alilolishwa na Sarwar tangu siku hiyo, alisema, lilikuwa na ladha ya masizi.

Nyumbani kwake Chanchalguda, Ghouse alikuwa na mke, Qamrunnisa, na binti yao Tahira alikuwa amekwisha kuolewa. Qamrunnisa alimpokea koti jioni ile, akalinusa.

"Baba Tahira. Huyu mwanamke anavaa asumini nyingi. Mwambie apunguze, utapata mafua."

"Mwanamke gani?"

"Mimi niulizwe? Wiki nzima unarudi unanuka kama harusi ya watu. Kwa mshahara wa ghala, sijui unamhonga nini. Misumari?"

Alikuwa anatania, na hakuwa anatania. Waliketi kula wakati wa Magharibi, adhana ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, sinia kati yao kama walivyokula tangu siku ya ndoa. Alimega wali upande wake. Qamrunnisa akamega upande wake. Kisha upande wa tatu, uliokuwa mtupu, wali ulibonyea. Ghouse aliona alama za vidole, virefu kuliko vya mtu, zikiuchimba wali polepole kuelekea katikati, na alipoinua macho ili amzuie mkewe asitazame aliona kwamba mkewe hatazami sinia bali anamtazama yeye, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayeulizia jambo asilolipenda, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa kavu, yenye mlio kama wa chuma cha moto kinapotiwa majini, ikamuuliza bila haraka:

"Huyu ni nani anayekula katika sinia letu?"

Tangu jioni ile Qamrunnisa hakuweza kumeza chakula. Maji yalipita, uji haukupita. Alikumbuka kila kitu ila swali lile. Mikono yake ikaanza kukonda, bangili zikawa zinamwanguka akifua.

Ghouse alimfuata Wadud Shah, mganga wa Yakutpura, mzee aliyejipatia riziki kwa kutengeneza miavuli na ambaye hakuwa na subira na watu. Alikuja, akakaa mbele ya Qamrunnisa, akasoma, kisha akatega sikio kama anayesikiliza mtu mwenye maneno mengi.

"Nimemwambia atoke," alisema mwishoni. "Ananiuliza atoke vipi katika mali yake. Mlimpa ushirika?"

"Tulikuwa vijana, shehe."

"Mngempa mbuzi. Na nani aliyemtia wivu? Anasema hakuwa na habari na hao wazungu mpaka mtu mmoja alipokuja kumlilia ukutani."

Ghouse alitazama mkeka.

"Alijifunza wivu kwako," mganga alisema. "Sasa ameumudu kukushinda. Hataki mzungu ale na Sarwar, na hataki mkeo ale na wewe. Mimi simtoi kwa moshi. Ushirika ule ulifungwa sinia moja, utafunguliwa sinia moja. Mweke yule Mdenmark mahali pako, umlishe tonge la kwanza kwa mkono wako, na uridhike. Ukisema kwa mdomo tu umepoteza wali. Wao hawasikilizi mdomo, wanasikiliza kifua."

"Na nisiporidhika?"

"Mkeo hali."

Walikutana bandani Alhamisi baada ya Alasiri. Sarwar alileta biriani. Hakuitazama ile pembe, kwa kuwa naye alikumbuka maneno yake ya ujanani. Preben alivua viatu, akaketi mkeka ule ule, mkono wake mgonjwa pajani. "Kwetu Aarhus tungemwita daktari," alisema. "Nimekwisha kuwaita wote."

Chetezo kilirudishwa, na moshi ukapanda juu ya mashine bila mtu kulalamika. Ghouse alimega tonge. Alimfikiria Qamrunnisa, bangili zake, mizaha yake ya misumari. Akamwangalia yule Mdenmark aliyekuwa akimsubiri kinywa wazi kama mtoto, doa la wali wa juzi bado liko kifuani kwake, na kwa kitambo kidogo hakuona hasimu, aliona mtu aliye mbali na kwao. "Kula," alisema. "Mahali pangu ni pako." Akaridhika kweli.

Kitu kikapita kati yao kuelekea kisimani. Harufu ikakatika kama uzi. Preben akatafuna, akasema, "Wali," na akaanza kulia, kisha akafumba vidole vyake kimoja kimoja. Ghouse aliporudi nyumbani alimkuta mkewe jikoni amechuchumaa anakula mkate mkavu, mashavu yamejaa, hana nafasi ya kuongea.

Hayo yangetosha kuwa mwisho.

Sherehe ya kutoa kompyuta za kwanza za ubia ilifanyika kabla ya mvua. Walikuja wakubwa wa serikali na wageni kutoka Aarhus, na bendera mbili zikapandishwa bustanini. Ghouse alisimama nyuma, funguo za ghala mkononi, ana amani, akipiga makofi kila watu walipopiga. Sarwar alikwenda kwenye kipaza sauti. Alieleza habari za banda, za farasi waliokufa, za meza moja chini ya dirisha. Alieleza usiku walipokosa hela ya waya na herufi za kijani zilipotokea. Kisha akageuka, pengine kwa uchovu, pengine kwa kunogewa na maneno yake mwenyewe, akamshika Preben mkono, akamvika koja la maua. "Na bila mikono hii," alisema, "Asman isingekuwako."

Watu walisimama kushangilia. Preben alitikisa kichwa, akanyoosha kidole nyuma kwenye umati, akimtafuta Ghouse, akisema jambo ambalo kelele zililimeza.

Lilikuwa jambo dogo. Lilimchoma Ghouse chini ya ubavu kama ncha ya sindano, likapita upesi, na angeweza kuapa kwamba halikuwapo. Lakini pale mwasumini ulipokatwa, kwenye kile kisiki kikavu kando ya kisima, aliona kitu cheupe kimechanua.

Hakungoja chakula cha wageni. Alitembea, kisha akakimbia, akapita soko na reli, akijisemea njia nzima kwamba ameridhika, ameridhika, mahali pale ni pa Preben, na mikono ile ni ya Preben, na kila alipolisema neno lile kifua chake kilimjibu tofauti, na harufu ilikuwa mbele yake, si nyuma, ikimtangulia kila kona, mpaka akafika mlangoni kwake Chanchalguda wakati adhana ya Magharibi ikimalizika, akausukuma mlango.

Nyumba ilikuwa imefagiwa. Sinia lilikuwa mkekani, wali unatoa moshi, umemegwa upande mmoja kwa vidole virefu kuliko vya mtu. Qamrunnisa alikuwa amesimama ukutani, mikono ameifumbata mbele kama mtumishi, bangili zimemteremka hadi vidoleni.

"Kaa ule, Baba Tahira," alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya upole. "Mimi nimeambiwa nisubiri."