Maziwa Kwenye Kiti Kilichokingwa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala hahitajiki shahidi. Nilikuwa darasa la sita, na nyumbani waliniita Wakili kwa jinsi nilivyopenda kubishana.

Mama alikuwa akiendesha teksi ya tajiri mmoja. Kila jioni aliporudi, kazi yangu ilikuwa ileile: ndoo, sabuni na kitambaa. Nafuta dashibodi, nakung'uta mazulia, nasugua viti, huku wenzangu wanacheza mpira nje ya geti. Basi Mama alipopata mkopo wa kununua gari lake mwenyewe, jipya kabisa, nilifurahi sana, ila niliiona ndoo bado inanisubiri.

Tulipokwenda kulichukua, muuzaji alimsimamisha Mama. Alikuwa kijana mwenye tai na maneno laini.

"Mama yangu, usiondoke hivihivi. Tuna dawa ya kukinga rangi na viti. Hebu tazama."

Akamwaga maji juu ya kiti cha maonyesho. Yakajikusanya matone matone, yakateleza chini kama yamefukuzwa.

"Kwa hiyo hakichafuki?" nikauliza.

"Uchafu haushiki, mdogo wangu."

Mama alisita. Pesa iliyobaki alikusudia kununua vitambaa vya kufunikia viti. Mimi nikamkazania, "Chukua dawa, Mama. Vitambaa vya nini tena?" Niliitetea ile dawa kuliko muuzaji mwenyewe, mpaka Mama akakubali.

Gari lile halikuwa la matembezi. Hospitali ya karibu ilikuwa inatafuta dereva wa kuwarudisha wagonjwa nyumbani baada ya matibabu, na muuguzi mkuu angepita kwetu Ijumaa asubuhi kulikagua. Kazi hiyo ndiyo ingelipa mkopo. Mama akiikosa, gari lingerudi lilikotoka.

Jumatano jioni nilikaa kiti cha nyuma nikinywa maziwa ya pakiti. Gari likapanda tuta, maziwa yakamwagika. Nikatazama. Yalijikusanya matone matone, kama kule dukani. Nikacheka peke yangu.

"Nini huko nyuma?" Mama akauliza.

"Hakuna kitu. Dawa inafanya kazi."

Tulipofika nilishuka, nikaenda zangu kucheza mpira. Kitambaa sikukigusa. Maziwa yaliteleza polepole hadi kwenye mshono wa kiti, yakazama ndani.

Alhamisi Mama alikuwa akimalizia siku yake ya mwisho kwenye teksi ya tajiri. Gari letu lilishinda juani, madirisha yamefungwa. Ijumaa asubuhi muuguzi mkuu akafungua mlango wa nyuma, kisha akajivuta nyuma na kuziba pua.

"Dada, humu mna nini?"

Mama akainama, akanusa. Hakunitazama, na hapo nikajua ameshaelewa.

"Wagonjwa wangu wanatoka kwenye matibabu tumbo limewachafuka tayari," muuguzi akasema taratibu. "Nikiwapakia humu nitakuwa nawatesa. Nakupa hadi Jumatatu. Baada ya hapo nitatafuta dereva mwingine."

Jioni Mama akanichukua, tukaenda kwa muuzaji.

"Mama yangu, ile dawa inachelewesha tu kinachomwagika ili upate nafasi ya kufuta," alisema. "Je, mlifuta?"

"Hatukufuta," Mama akajibu, kana kwamba naye alikuwa ameketi pale nyuma. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi na Jumapili tulikuwa juu ya kiti kile. Tulikifungua, tukakisugua kwa maji ya sabuni, tukapitisha siki, tukakausha, tukanusa, tukaanza upya. Wenzangu walipita na mpira wao. "Wakili, leo umefungwa?" Nikaendelea kusugua.

Jumatatu nilipotoka shule tulilipeleka hospitalini. Muuguzi aliingia nyuma, akafunga mlango, akanusa kila pembe. Mama alisimama nje, mikono imeshikana. Hatimaye dirisha likashuka.

"Sasa mtu anaweza kupumua. Dada, uanze kesho."

Tulipofika nyumbani Mama alizima gari, akageuka.

"Dawa yenyewe si ya uongo. Mvua ikinyesha, naona maji yanavyoteleza kwenye boneti. Lakini rangi ya gari jipya imeshapakwa kinga yake kiwandani, na viti tungevifunika vitambaa, vikichafuka tunafua. Nimenunua kitu ambacho hatukukihitaji, kwa sababu mtu mmoja alitaka kukwepa kazi. Hakuna dawa inayofanya kazi badala ya mikono, mwanangu. Ukiinunua kwa ajili ya uvivu, utakuja kufanya kazi ileile mara mbili."

"Lakini Mama," nikajitetea, "muuzaji ndiye aliyesema kiti kimekingwa."

"Kweli, alisema kiti kimekingwa," Mama akanijibu huku akishuka. "Hakusema wewe umestaafu."