Pigo Linalochelewa

Walikutana kwenye duka la vifaa vya umeme, siku ya punguzo la bei, watu wamebanana mpaka mlangoni. Msichana alivaa gauni la njano na raba nyeupe, anasubiri kuhudumiwa huku vidole vyake vikipiga ngoma juu ya kaunta. Prodyuza mmoja wa muziki aliyesimama nyuma yake alijaribu kunyamaza, akashindwa.

"Samahani, dada. Kila pigo la pili unalichelewesha."

"Silicheleweshi. Ninalisubiri."

Hapo prodyuza akapatikana. Haukupita muda, msichana huyo, mpiga ngoma wa bendi ya hoteli, akawa anapiga studio kwake pia, na hata sufuria za jikoni kwake zikaonja vidole vile. Wakaanza wimbo wao wa kwanza: ngoma halisi za msichana juu, za mashine chini, zilale pamoja zisikike kama kitu kimoja.

Ila bwana huyu alikuwa na haraka. Alitaka kila kitu kikae mahali pake, na mahali penyewe apachague yeye. Aliomba kumuoa, akataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

"Mpenzi, unafikiria nini muda wote huo?" aliuliza kwenye simu.

"Nafikiria, basi. Usinisukume."

"Nani anakusukuma? Nakuvuta tu."

Msichana alicheka, lakini neno hilo hakulipenda.

Wimbo ulitoka msichana akiwa saluni kwa dada yake, nywele nusu zimesukwa. Dada mtu, kwa majivuno, aliucheza kwenye simu wateja wote wasikie. Ukasikika mlio mwembamba wa mashine, tak, tak. Ngoma zake hazikuwemo.

"Sasa wewe uko wapi hapo?" dada aliuliza.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akampigia prodyuza palepale.

"Umenifuta."

"Nikufute wapi, mama? Umo humohumo, nakusikia."

"Basi endelea kunisikia peke yako. Bendi inakwenda ziara, na mimi nakwenda. Kesho nafuata ngoma zangu."

Simu ikakatwa. Prodyuza akausikiliza wimbo kwenye simu kwa mara ya kwanza. Kweli, hayumo. Kwenye spika mbili za studio alijaa tele: ngoma yake kushoto, ya mashine kulia. Simu ina spika moja, na humo sauti hizo mbili, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, zilikuwa zinauana. Zisingeuana hivyo kama zisingefanana sana. Na aliyezifananisha ni yeye, aliyeshika kila pigo lililochelewa akaliburuta mpaka kwenye mstari wa mashine. Alijiona mjinga, na aliogopa kumpoteza.

Kesho yake msichana alifika na pikapu ya shemeji yake, miwani ya jua usoni na jua lenyewe hakuna. Prodyuza hakujitetea. Alimpa simu asikilize.

Ngoma ikaingia, nzito, ya kwake kabisa, pigo la pili likisubiri.

"Umefanyaje?"

"Nimeyarudisha mapigo yako pale ulipoyapiga. Mashine ndiyo nimeisogeza. Inakufuata wewe." Akaongeza: "Na lile jibu, sikuwekei tarehe tena."

"Nikichelewa je?"

"Huchelewi. Unasubiri."

Msichana alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu. Hakusema ndiyo. Walipakia ngoma ndogo na matoazi, kisha msichana akarudi ndani, akasimama mbele ya ngoma kubwa, ile inayopigwa kwa mguu.

"Hii haiingii garini," alisema. "Kule watanipa nyingine. Niwekee hii."

Prodyuza alifungua mdomo kuuliza mpaka lini, akaufunga.

Nje, shemeji aliyekuwa kwenye usukani aligeuka akatazama nyuma ya pikapu. "Mbona nafasi ipo tele?"

"Endesha, shemeji."